Mjukuu Asiitwe Maria

Jumatano, 2 Julai 2025

Ukungu mpaka mlangoni. Nilikuwa nachuma kahawa, vidole vimekufa ganzi, Methodi akapiga simu kutoka Kihagara. Ubatizo wa mtoto umepangwa. Jumapili tarehe 20, hapa hapa Mbinga, parokiani kwetu, kwa sababu mama yangu hawezi tena safari ya kwenda ziwani. Nikafurahi. Hilo nililiomba mimi.

Kisha akataja jina. Maria.

Nikakaa chini kwenye majani makavu ya migomba. Mjukuu wangu wa kwanza. Wiki hizi zote tumemwita "mtoto" tu, lakini moyoni mwangu jina alikuwa nalo tayari: Walburga, jina la mama yangu. Mama ana zaidi ya miaka tisini, na katika ukoo mzima hakuna anayelibeba jina lake. Nikamwambia Methodi hivyo. Akanijibu kwa adabu kwamba mkewe Emiliana anataka mtoto aitwe kama marehemu mama yake, naye amekubali. Akaongeza kwamba aliyezaa ni Emiliana. Kama vile mimi sijui.

Siwezi kupigana na marehemu. Wala na Mzee William, baba yake Emiliana. Ni mvuvi aliyestaafu, Mwanglikana, msomaji wa masomo kanisani kwao, mtu ambaye ukianza kumgombeza anakukaribisha chakula. Kwa hiyo sitapigana na mtu yeyote. Nitapigana na jina.

Jioni nilimweleza mke wangu Ottilia. Akasema mtoto ana wazazi wake. Akaendelea kupeta maharage.

Ijumaa, 4 Julai

Nimekwenda kwa Padre Bernadi. Nikasema nataka kujua asili ya majina matakatifu, kwa ajili ya kukuza imani. Padre alisomea Maandiko na hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya tarehe za ndoa. Alifurahi hata akanimiminia chai mwenyewe.

Zamani mhubiri mmoja wa mafungo alituambia kwamba Maria, kwa Kiebrania, ni uchungu. Nikamuuliza Padre kama ni kweli. Akasema ni kweli na si kweli. Mapadre.

Nimeandika nilivyoelewa. Jina la asili ni Miriamu, na wa kwanza kuitwa hivyo ni dada yake Musa. Wagiriki wakalilainisha likawa Mariamu, halafu Maria. Maana yake haijakubaliwa mpaka leo. Wapo wanaosema linatoka kwenye neno la Kiebrania la uchungu. Wengine wanasema ni uasi, ukaidi. Wengine wanasema si Kiebrania kabisa, ni Kimisri, kwa sababu Miriamu alizaliwa Misri, na huko maana yake ni mpendwa. Na Mtakatifu Yeronimo akaandika kwamba ni tone la bahari. Padre anasema wataalamu wamekwisha kuhesabu maana zaidi ya sitini. Nikamuuliza yeye anashika ipi. Akasema anashika rozari.

Nimetoka na maana mbili. Uchungu na uasi. Hizo nyingine nimemwachia mwenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Niko Kihagara. Basi mpaka Mbamba Bay, kisha gari nyingine. Nimevua koti njiani, kisha sweta, na nilipofika nilikuwa natamani kuvua viatu.

Mzee William alinisubiri barabarani. "Karibu, mkwe. Poleni na baridi ya huko juu." Akanipokea mzigo. Ndani wakaniletea mtoto.

Lazima niseme ukweli hapa, maana hakuna anayesoma. Ni mzuri. Ana kipaji cha uso cha ukoo wetu. Alinishika kidole akaking'ang'ania. Nilisahau kabisa kilichonileta.

Baadaye wakaleta mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo. Nilikula vizuri. Methodi alikuwa bado shuleni anakofundisha, nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilinawa, nikakohoa, nikasema nina jambo zito kidogo. Shangazi yake, Mama Restituta, akaacha kutoa vyombo.

Nikawaambia kwamba nimefanya utafiti. Kwamba ninaliheshimu jina la Mama wa Mungu kuliko mtu yeyote. Lakini kwa Kiebrania, Maria maana yake ni uchungu. Je, ni vema kumpa mtoto mchanga mzigo kama huo?

Wakatazamana. Nikaona linaingia.

"Uchungu upi, baba?" akauliza Mama Restituta. "Wa nyongo au wa uzazi?"

Nikasema Waebrania hawakufafanua.

Emiliana akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Mimi, baba, uchungu ulinishika alfajiri, ukaniachia jua linazama. Kama hiyo ndiyo maana yake, basi hilo ndilo jina lake kabisa. Nilikuwa na wasiwasi kidogo. Sasa sina."

Nikamgeukia Mzee William, mtu mzima mwenzangu. Alikuwa anawaza. Akasema mkewe marehemu alizaa watoto wanane, akazika watatu, na hakuwahi kusema maana ya jina lake, ila aliliishi. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Na kahawa je, mkwe? Si chungu? Ndiyo iliyomsomesha Methodi, na Methodi ndiye aliyeniletea mjukuu."

Nikaomba samaki mwingine.

Jumanne, 8 Julai

Nimerudi nyumbani na kifurushi cha usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwao. Mapokezi yalikuwa mazuri, chakula kizuri, usingizi mzuri. Kazi yenyewe ndiyo haikwenda. Imebaki maana ya pili.

Alhamisi, 10 Julai

Nimegundua kosa langu. Babu anayetetea jina la mama yake anaonekana ana upande. Neno linatakiwa litoke kwa mtu mwingine, lizunguke, lifike Kihagara likiwa limechoka, kama habari ya kawaida.

Mtu huyo ni Pankras. Jirani yangu, na mwenyekiti wa jumuiya yetu. Uenyekiti alinishinda mimi, kwa kura za wale ambao mkewe aliwapelekea ndizi. Lakini kwa kusambaza habari hana mfano. Nilimkuta kwenye mashine ya kumenya kahawa, tukasubiri zamu pamoja. Nikamwambia kwa siri, kama mtu anayesumbuliwa na elimu yake, kwamba wapo wataalamu wanaosema Maria maana yake ni uasi. Nikamwomba asimwambie mtu.

Aliitikia kwa kichwa. Macho yalikuwa yameshaondoka.

Ijumaa, 11 Julai

Hakungoja hata kahawa yake ikauke.

Nilichosema mimi ni kwamba wapo wataalamu wanaosema jina lina maana ya uasi. Kilichofika sokoni ni kwamba Othmar, yaani mimi, amesema Mama wa Mungu ni mwasi. Kilichofika kwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ni kwamba Othmar anahamia dhehebu jingine na ameshanunua suti. Katibu wa WAWATA ni mke wangu.

Mchana Ottilia aliniwekea ugali peke yake. Nikauliza mboga iko wapi. Akasema nikamuulize Mwebrania.

Saa kumi Padre akaniita. Nilijiandaa kwa kukemewa, nikavaa shati la zamani ili anihurumie. Hakunikemea. Alisema amesikia nimekuwa mwalimu, na mwalimu hafundishi nusu ya somo. Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya WAWATA wote niwaeleze jina Maria, asili yake na maana zake, zikiwemo zile nilizomwachia mezani. Atanisaidia kujiandaa. Nikauliza kama ni lazima. Akasema hapana, si lazima, ila Mama Ottilia ndiye aliyeomba hivyo.

Jumamosi, 12 Julai

Siku nzima kwa Padre. Kahawa inaanguka yenyewe shambani. Najua maneno ya Kilatini mawili na nimeyapenda.

Jumapili, 13 Julai

Nimesema. Niandike kabla sijalala, maana nataka kukumbuka kila kitu.

Ukumbi ulijaa. Wanawake na vitenge vyao vya sare, mikono wameikunja. Pankras alikuwa nyuma, amekuja kunitazama nikianguka.

Nilianza na Miriamu dada yake Musa. Msichana aliyesimama kwenye matete kulinda kikapu cha mdogo wake, akamjibu binti wa Farao bila kutetemeka. Nikasema, kama jina hili ni uasi, basi ni uasi wa msichana huyo, maana kuna siku ya kumtii Farao na kuna siku ya kumwokoa mtoto. Mikono ikakunjuka kidogo. Nikasema kama ni uchungu, nyie mnaujua kuliko Waebrania. Wakacheka. Nilimwibia Mama Restituta, lakini yuko mbali. Nikasema kama ni Kimisri, ni mpendwa, na hapo sihitaji kueleza.

Kisha nikafika kwenye tone. Nikawaambia Mtakatifu Yeronimo aliandika kwa Kilatini *stilla maris*, tone la bahari. Baadaye, wanasema wataalamu, wanakili wakakosea. Herufi moja tu. *Stilla* ikawa *stella*. Tone likawa nyota. Na tangu hapo dunia nzima inamwita Maria Nyota ya Bahari.

Bibi mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, mwalimu, miaka yote hii tunaimbia kosa la mwandishi?"

Hili Padre hakunifundisha. Sijui lilitoka wapi. Nikasema, "Bibi, huyo mwandishi alikosea mkono. Hakukosea anayemwandika. Na mvuvi aliyepotea usiku hawezi kurudi nyumbani kwa kutazama tone."

Vigelegele. Kwangu mimi. Bibi yule alikuja akanishika mikono yote miwili. Ameniita mwalimu mara mbili. Pankras alinipa mkono, uso kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Jioni nilikula wali, na mayai juu yake, na Ottilia akakaa karibu nami wakati nakula.

Ila mtu alinirekodi kwa simu. Saa moja usiku Mzee William akapiga. Sauti imefika Kihagara, wameisikiliza wote uani, majirani wameomba irudiwe. Alisema marehemu mkewe alizaliwa katika kijumba cha mwisho kabla ya maji, na kila yeye William alipochelewa ziwani, mkewe alikuwa akimwashia taa ufukweni. Akasema, "Nilidhani hulipendi jina letu, mkwe. Kumbe ulikuwa unalitafutia mizizi."

Nikasema ndiyo.

Ningesema nini?

Nimeridhika sana na hotuba. Lakini mtoto anazidi kuwa Maria kila siku, na anayemfanya hivyo ni mimi.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata. Nashangaa sikuanza na hili.

Mama mwenyewe. Emiliana ana marehemu, lakini mimi nina aliye hai. Nani atamnyima bibi wa miaka tisini ombi lake, mbele ya watu, akiwa amempakata mtoto? Hata Ottilia hataweza.

Nilimkuta uani anaota jua, anapukuchua maharage. Nikamweleza polepole. Jumamosi wakwe watafika. Wakishakula nitasimama na kumpa nafasi ya kuzungumza, naye atasema anataka mtoto achukue jina lake.

"Jina langu lipi?" akauliza.

Nikasema, Walburga, Mama.

"Aa," akasema. Akaendelea na maharage.

Nimechukulia kwamba amekubali.

Jumamosi, 19 Julai

Wamefika mchana. Emiliana na mtoto wamefungwa nguo mpaka yaonekana pua tu. Methodi amebeba mikoba. Mama Restituta. Mzee William na makoti mawili, moja juu ya jingine, na ndoo ya mbasa. Alipofika tu aliniomba moto.

Tulikula. Sebule ilijaa, wengine walikaa kwenye mikeka. Nikaona wakati umefika. Nikasimama nikasema maneno machache juu ya wazee, kwamba ni hazina, na kwamba mti hauendi juu bila mizizi. Nilisema vizuri. Nikasema mama yetu ana neno kuhusu jina la mtoto. Emiliana akanitazama. Methodi akatazama chini. Nikamweka mtoto kwenye mapaja ya Mama nikarudi kukaa.

Mama alimtazama mtoto kwanza. Kisha akaanza, kwa sauti ndogo, tukalazimika kusogea.

"Mwanangu ananiambia niseme kuhusu jina langu. Basi nitasema. Siku niliyobatizwa tulikuwa wasichana wengi, tumepangwa mstari nje ya kanisa. Sista Mzungu anapita, anamuuliza kila mmoja anataka jina gani. Wote tunasema Maria. Maria, Maria, Maria. Hatukujua jina jingine. Alipofika kwangu akacheka. Akasema, Maria wamekwisha."

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Akanipa hili. Niliporudi nyumbani baba akaniuliza nimeitwa nani. Nikamwambia nimesahau. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa siwezi kulitamka. Mpaka leo, wanangu, mimi mwenyewe silitamki vizuri. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikufa ananiita Mama Othmar."

Akainama karibu na mtoto.

"Wewe umewahi," akamwambia. "Umewakuta bado wapo."

Mzee William alijifuta macho kwa mkono wa koti la juu. Emiliana alipiga magoti mbele ya Mama, akaweka kichwa kwenye mapaja yake, pale pale alipolala mtoto, na Mama akampapasa nywele kama anapapasa paka. Ottilia alinitazama kwa muda mrefu, lakini si kwa ubaya.

Nilitoka nje kuangalia kuni. Kuni zilikuwepo. Nikazipanga upya. Nina miaka sitini na minne, na maisha yangu yote nimetamka jina la mama yangu kwa fahari, sikuwahi kumuuliza yeye analionaje. Mzee William akanifuata na makoti yake. Hakusema neno juu ya jina. Aliniuliza tu kama kuni za miti ya kahawa hutoa moshi sana. Tukasimama pale tukazungumza habari za kuni mpaka tukaitwa ndani kunywa chai.

Jumapili, 20 Julai

Amebatizwa. Maria. Alipiga chafya, kisha akalia, kisha akalala. Padre alipouliza mnampa mtoto huyu jina gani, sauti ya Mama ilitangulia ya wazazi. Padre akatabasamu, akaendelea.

Tulichinja mbuzi. Palikuwa na ugali wa mahindi na wa muhogo, ili kusiwe na ugomvi, na mbasa wakaisha kabla ya mbuzi. Baada ya chakula Mzee William aliwaomba watu wanyamaze, akasema mkwe wake atarudia ile habari ya tone na nyota. Nikakataa mara moja, kwa adabu. Nikairudia. Niliongeza kidogo hapa na pale. Mama alikaa karibu nami, mtoto mapajani, na kila nilipolitaja jina aliitikia kidogo kwa kichwa, kama vile ni yeye anayeitwa.

Kwa kweli ni siku nzuri kuliko nilivyopanga. Naandika hapa kwamba sitaingilia tena majina ya watu.

Jumatano, 23 Julai

Wageni wameondoka jana. Nyumba imekuwa kubwa. Nimepita kwa Padre kumshukuru, tukazungumza, na jambo limejitokeza ambalo naona haya kulinyamazia.

Yesu na Yoshua ni jina moja. Moja kabisa. Kwa Kiebrania Yehoshua, wakalifupisha Yeshua. Wagiriki hawana "sh", wakaandika Yesu. Na maana yake nayo ina mjadala: wengi wanasema Bwana ni wokovu, wengine Bwana anaokoa, lakini kuna wanaosema sehemu ile ya mwisho ni kilio, mtu anapiga yowe la kuomba msaada.

Sasa, mwezi ujao Pankras anabatiza mjukuu. Jina alilotangaza, kwa sauti, mbele ya jumuiya nzima: Yoshua. Sidhani kama anajua. Mtoto wa watu ataitwa Yowe, na mwenyekiti wetu ataonekana hana elimu. Lazima mtu amwambie, kwa upole. Nina jina la kumpendekezea pia, lile la Mama, la Kijerumani, zuri sana, ambalo kwa sasa halina mtu; kwamba ni la kike si tatizo kubwa.

Nimevaa koti. Ottilia ameniuliza naenda wapi, kahawa inaoza shambani. Nimemwambia nanyoosha miguu tu, nitapita kwa Pankras kumsalimia.